Msomaji Anauliza: Rotterdam Wanakula Nini?

Barua tano zilizotufikia kwa nyakati tofauti zinaulizia mji mmoja, nasi tumeona ni vyema kuzijibu pamoja. Mji wenyewe ni Rotterdam, wa pili kwa ukubwa nchini Uholanzi na wenye bandari kubwa kuliko zote barani Ulaya.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Juni nitakuwa Rotterdam kwa siku sita kwa shughuli za uwakala wa meli. Safari iliyopita nilikula hotelini asubuhi, mchana na jioni, nikarudi nyumbani bila kujua mji ule una ladha gani. Safari hii nataka kula wanachokula wenyeji. Kila ninayemuuliza ananitajia jengo liitwalo Markthal. Je, huko kunatosha? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, Markthal panafaa kuonwa, ila pasikuzuie kutoka nje. Jengo hilo lilisanifiwa na kampuni ya MVRDV na kufunguliwa na Malkia Máxima tarehe 1 Oktoba 2014. Ni tao kubwa lenye umbo la kwato ya farasi, chini yake ukumbi wa vibanda vya chakula, na katika unene wa tao lenyewe mna nyumba za kuishi ambazo baadhi ya madirisha yake yanatazama chini kwa wauzaji. Dari imefunikwa yote kwa picha ya matunda, mboga, samaki na wadudu, kazi ya wasanii Arno Coenen na Iris Roskam. Inua kichwa uitazame, kisha pitia mlango wa upande wa pili. Naona bei za mle ndani zimepangwa kwa ajili ya mtu anayepita mara moja tu, na mwenyeji anayetafuta mboga za wiki utamkuta zaidi pale nje, kwenye uwanja wa Binnenrotte, ambako soko la wazi hufanyika kila Jumanne na kila Jumamosi. Hapo utapata kibbeling, yaani vipande vya samaki mweupe wa maji baridi vilivyochovywa katika uji wa unga na kukaangwa papo hapo, vikaliwa kwa mchuzi wa kitunguu saumu. Na utapata stroopwafel, mikate miwili myembamba iliyogandishwa kwa asali ya sukari, ambayo ni heri uisubiri ikitoka motoni kuliko kuinunua ikiwa imefungwa kwenye pakiti.

Kabla sijakuelekeza kwingine, hata hivyo, inatubidi tukubaliane juu ya neno "mwenyeji", kwa sababu katika mji huu neno hilo halina maana uliyoizoea. Tarehe 14 Mei 1940 ndege za Ujerumani zilidondosha mabomu katikati ya Rotterdam, moto ukateketeza karibu mji wote wa kale, na takriban watu 80,000 wakabaki bila makazi. Mikahawa mikongwe, vichochoro vya wauza samaki, majiko yaliyorithiwa toka kwa babu, vyote vilikwenda na moto huo. Kilichobaki ni bandari, na bandari ndiyo iliyoleta watu. Mabaharia wa Kichina walikwisha kufika tangu mwaka 1911. Waturuki walifuata baada ya mkataba wa ajira wa mwaka 1964, Wamoroko baada ya ule wa mwaka 1969, mabaharia wa Cabo Verde walishuka melini wakaweka makazi, na watu wa Suriname, koloni la zamani la Waholanzi huko Amerika ya Kusini, walikuja kwa wingi wakati nchi yao ilipojipatia uhuru mwaka 1975. Leo mji una watu wa asili ya mataifa zaidi ya 170. Kwa hiyo ukienda ukitafuta mkahawa wa "Kiholanzi halisi" na kuipita roti iliyopikwa na mtu aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka hapo, wewe ndiye utakayekuwa umekula kama mgeni.

Basi anza na barabara ya West-Kruiskade, ambayo iko mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu ya treni. Huko Wachina na Wasuriname wameuziana na kununuliana kwa miongo mingi, na vyakula vya Suriname ndivyo ninavyokushauri uvipe nafasi ya kwanza, kwa kuwa vitakushangaza kwa namna vinavyofanana na vya kwetu. Sababu ni historia. Waholanzi walipokwisha kufuta utumwa katika koloni lao hilo, walileta vibarua kutoka India kuanzia mwaka 1873, na kutoka Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, kuanzia mwaka 1890. Vibarua hao walikutana na wazawa, Waafrika waliokuwa watumwa, Wachina na Wayahudi, na chungu kimoja kikapikiwa wote. Roti yao ni ndugu wa chapati, ila ndani yake imetiwa dengu za njano zilizosagwa. Huletwa pamoja na kuku wa mchuzi wa bizari, viazi, yai la kuchemsha na kunde changa ndefu ziitwazo kousenband. Uma utauona mezani, lakini usiuguse: roti huliwa kwa mkono, kipande hukatwa na kuchotea mchuzi, na hapo wewe utakuwa fundi kuliko Mholanzi aliyekaa meza ya pili. Bara ni bajia bapa yenye tundu katikati, iliyotiwa majani ya jimbi. Pom ni kuku aliyeokwa kati ya tabaka mbili za jimbi lililokunwa na kutiwa maji ya machungwa. Wenyeji huila ikiwa baridi ndani ya mkate, nayo hupikwa kila panapokuwa na sherehe, hata ukasemwa msemo miongoni mwao kwamba bila pom hakuna siku ya kuzaliwa. Bakkeljauw ni ng'onda wa samaki wa maji baridi, aliyerowekwa, akachambuliwa na kukaangwa kwa vitunguu na nyanya. Akiletwa na muhogo wa kukaanga huitwa telo, na nadhani hakuna mtu wa pwani yetu atakayehitaji kufafanuliwa zaidi.

Neno moja la tahadhari. Muuzaji atakuuliza kama unataka "peper", naye hana maana ya pilipili manga. Anazungumzia pilipili ya manjano iitwayo Madame Jeanette, ambayo ni jamaa wa karibu wa pilipili mbuzi. Mimi, kwa kujivunia ulimi wangu, niliwahi kumwambia aongeze, nikatokwa na machozi mbele ya foleni nzima. Sema "een beetje", yaani kidogo tu.

Siku ya Jumatano au Jumamosi vuka mto Maas kwa metro hadi kituo cha Rijnhaven au Maashaven, uingie soko la Afrikaanderplein. Jina la mtaa, Afrikaanderwijk, lisikupumbaze: halikutolewa kwa heshima ya watu kama sisi, bali ya Makaburu waliopigana na Waingereza, na ndiyo maana utapita barabara za Paul Kruger na Pretoria ukielekea kununua ndizi. Lakini historia ina ucheshi wake. Wanaofanya biashara na kununua hapo leo ni Waturuki, Wamoroko, Wasuriname, watu wa Antili, yaani visiwa vya Karibi, na Waafrika, na juu ya meza utakuta bamia, muhogo, viazi vikuu, ndizi za kupika, giligilani kwa mafungu makubwa, zeituni za rangi zote, na samaki ambao mama wa Kimoroko atawafunua mashavu mmoja baada ya mwingine kabla ya kukubali bei. Nenda ukiwa na njaa, ununue mkate bapa wa Kituruki uliojazwa mchicha na jibini, ule ukitembea. Soko linapokaribia kufungwa wauzaji huanza kunadi matunda kwa bakuli zima au kwa kasha, na hapo ndipo wenyeji wengi hufika.

Peninsula ya Katendrecht, iliyo jirani, nitaipitia haraka. Ilikuwa mtaa wa Wachina uliojulikana sana Ulaya katika miaka ya 1920, na mabaharia walipokosa kazi katika mdororo wa miaka ya 1930 waliishi kwa kuuza barabarani vijikeki vya karanga na sukari. Leo maghala yamekarabatiwa, jumba la makumbusho ya uhamaji liitwalo Fenix limefunguliwa mwezi Mei 2025, na mikahawa ya Deliplein ni mizuri ila imekwisha kupanda bei. Nenda ukiwa na mwenzako wa biashara, kampuni ikilipa.

Na ukipata Jumamosi au Jumapili ya mwisho, uliza mikahawa ya Cabo Verde upande wa magharibi wa mji, karibu na Heemraadsplein, kama wamepika cachupa. Ni mahindi yaliyokobolewa na maharage, yakatokoswa kwa saa nyingi pamoja na muhogo, viazi vitamu na samaki au nyama. Ndiyo, ni makande. Yakibaki hukaangwa asubuhi ya pili na kuwekewa yai juu, na wapo wanaoamini kwamba cachupa hupikwa usiku kwa ajili ya asubuhi hiyo tu.

SWALI: Mhariri, mwanangu anasoma huko na ameniambia kwa simu kwamba chakula kinachopendwa na vijana wa Rotterdam kinaitwa "kinyozi". Nimemwambia asinifanyie mzaha. Nani mkweli kati yetu? — Mama wa watoto watatu, Arusha

JIBU: Mama, mwanao ni mkweli, na wewe mwombe radhi taratibu. Chakula hicho kinaitwa kapsalon, neno ambalo kwa Kiholanzi lina maana ya saluni ya nywele, na kisa chake ni cha hivi karibuni. Mwaka 2003 Nathaniël Gomes, mtu wa asili ya Cabo Verde aliyekuwa na saluni katika mtaa wa Delfshaven, alikuwa akinunua chakula katika duka la shawarma liitwalo El Aviva kwenye barabara ya Schiedamseweg. Siku moja aliomba watie katika chombo kimoja kila alichokuwa akikipenda. Aliendelea kuagiza hivyohivyo, wateja wengine wakaona na kutamani, wakawa wanaomba "kile cha saluni", na jina likabaki hapo.

Hutengenezwa hivi: chini ya trei ya alumini hupangwa chipsi, juu yake nyama ya shawarma au ya doner, kisha vipande vyembamba vya jibini ya Gouda, halafu trei hupitishwa chini ya moto mkali hadi jibini iyeyuke na kushika nyama. Mwisho kabisa, ili mlaji asione haya, humwagiwa majani ya saladi yaliyokatwakatwa, mchuzi wa kitunguu saumu na sambal, ambayo ni pilipili ya kusaga ya Kiindonesia. Tazama ndani ya trei hiyo moja: chipsi na jibini ya Waholanzi, nyama ya Waarabu na Waturuki, pilipili ya Indonesia, na mteja kutoka visiwa vya Afrika Magharibi. Hakuna chakula kinachoueleza mji huu vizuri zaidi ya hicho, na ndiyo maana kimevuka mipaka na sasa huuzwa hata katika nchi jirani.

Mwambie mwanao, hata hivyo, kwamba kapsalon kubwa hukaribia kumpa mtu mzima nishati ya siku nzima, na kwamba wenyeji wenye busara huagiza ndogo, au hugawana kubwa watu wawili. Huliwa kwa kijiti cha uma, kutoka juu kwenda chini kwa mkupuo, si tabaka kwa tabaka. Na iliwe moto, kwa sababu jibini ikishapoa hugeuka mpira.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi na mume wangu tutapitia Rotterdam kwa wiki moja. Tungependa kujaribu vyakula vya wenyeji lakini hatuli nguruwe, tunatafuta nyama ya halali, na mume wangu hufunga Jumatatu na Alhamisi. Je, tutaishia kula matunda na mikate? — Bi. Msafiri, Zanzibar

JIBU: Waaleikum salaam, Bibi. Hamtashinda njaa. Rotterdam ni miongoni mwa miji ya Ulaya ambamo Mwislamu hula kwa wasaa; ndio mji wenye msikiti wa Essalam, uliofunguliwa mwaka 2010 upande wa kusini, na mji huo uliongozwa kuanzia mwaka 2009 hadi 2024 na meya Ahmed Aboutaleb, mzaliwa wa Moroko. Mabucha na majiko ya halali yamejaa katika barabara za 1e Middellandstraat, Vierambachtsstraat na Schiedamseweg, na pia katika mtaa wa Afrikaanderwijk nilioutaja. Chakula cha haraka ambacho kila mwenyeji hukila, Mwislamu na asiye Mwislamu, ni lahmacun, ambayo huko huitwa pizza ya Kituruki: mkate mwembamba uliopakwa nyama ya kusaga, ukakunjwa pamoja na saladi na mchuzi. Wamoroko nao wana msemen, mkate wa kukunja wa tabaka kwa tabaka, na supu ya harira.

Ugumu unaanzia kwenye vyakula ambavyo jina lake halimwambii mgeni kitu. Frikandel, soseji ya kahawia isiyo na ngozi inayouzwa katika kila kibanda cha chipsi, mara nyingi ina nyama ya nguruwe iliyochanganywa na nyingine. Supu nzito ya njegere, ambayo ni ya majira ya baridi, hutiwa nguruwe na soseji yake. Katika mikahawa ya Kichina na Kiindonesia neno "babi" ni nguruwe, na katika ile ya Suriname sahani ya "moksi meti" ni mchanganyiko wa nyama ambamo nguruwe huwemo mara kwa mara. Bitterballen na kroket kwa kawaida ni za ng'ombe, lakini hilo halina maana kwamba mnyama amechinjwa kisheria. Keki yenye krimu ya manjano iitwayo advocaat ina pombe. Hata chipsi ziulizieni, kwa sababu vibanda vingine vya jadi hukaangia mafuta ya ng'ombe badala ya mafuta ya mimea. Maneno ya kukariri ni "varkensvlees" na "spek" kwa nguruwe, na "is dit halal?" ambalo kila mtu mjini hulielewa, na kuliuliza si utovu wa adabu.

Mikahawa ya Suriname inahitaji jicho la ziada. Wasuriname wenye asili ya Java wengi ni Waislamu, na baadhi ya wale wa asili ya India pia, kwa hiyo maduka mengi ya roti hutumia kuku wa halali na kuandika hivyo mlangoni. Lakini yapo yanayopika kuku wa halali na nguruwe katika jiko moja. Mkiona mashaka, ombeni roti ya mboga na yai, au telo kwa bakkeljauw, maana samaki hana shida.

Kuhusu funga ya mumeo: mwezi Juni jua la Rotterdam huzama yapata saa nne usiku, na majiko mengi ya mikahawa ya kawaida hufungwa muda huohuo au kabla yake. Nunueni futari mapema, au elekeeni kwa Waturuki na maduka ya shawarma, ambayo hukesha.

SWALI: Ndugu Mhariri, rafiki yangu alipiga picha akiwa ameshika samaki mbichi kwa mkia na kumtumbukiza mdomoni kama ndege korongo. Je, ni desturi kweli au ni maonyesho ya watalii? Na je, ni salama? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Ni desturi, na Rotterdam ndiko inakofuatwa hasa, Amsterdam wamezoea kumkata vipande na kumla kwa kijiti pamoja na achari ya tango. Samaki huyo ni haring. Neno "mbichi", hata hivyo, ni nusu ya ukweli. Hapikwi, lakini hutolewa matumbo kwa kupitia mashavuni, akaachiwa kongosho, kisha hutiwa chumvi kidogo; vimeng'enya vya kongosho ndivyo vinavyomlainisha nyama hadi ikawa kama siagi. Zaidi ya hapo, sheria inataka agandishwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda usiopungua saa 24 ili minyoo ife. Kwa mtu mwenye afya, basi, hakuna cha kuhofia kutoka kwa muuzaji mwenye foleni ndefu. Mjamzito na mgonjwa waulize kwanza kwa daktari.

Haring mpya wa mwaka huanza kuuzwa katikati ya Juni chini ya jina la Hollandse Nieuwe, na hastahili jina hilo mpaka mafuta yake yafike angalau asilimia 16. Msomaji wetu wa Dar es Salaam, ambaye safari yake ni ya mwezi huo, amebahatika. Mwambie muuzaji amsafishe mbele yako, maana aliyesafishwa asubuhi na kuachwa hupoteza utamu. Mpitishe juu ya vitunguu vilivyokatwa, inua kichwa, ng'ata. Kama roho inakataa, omba "broodje haring", awekwe ndani ya mkate, na hakuna atakayekucheka. Mimi nilihitaji mara tatu kabla ya kumzoea, na tangu hapo sijaweza kumpita.

SWALI: Mhariri, naomba ushauri wa mambo madogo: saa za kula, malipo, bakshishi. Pia nimealikwa chakula cha jioni nyumbani kwa familia ya Kiholanzi na sitaki kujiaibisha. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, kuhusu saa, jambo la kwanza kulizoea ni kwamba mchana haupikiwi. Asubuhi Mholanzi hula mkate kwa jibini au kwa punje za chokoleti ziitwazo hagelslag, ambazo hunyunyizwa juu ya siagi na watu wazima bila haya yoyote. Mchana hula mkate tena, na wengine hushushia karnemelk, kinywaji chepesi kinachokaribia mtindi wetu. Ukitaka cha moto mchana, nenda kwa Wasuriname au kwa Waturuki, au kama hakuna kizuizi cha dini, tafuta "broodje bal", mkate wenye tonge kubwa la nyama ya kusaga na mchuzi wake. Mkahawa wa De Ballentent ulioko Parkkade, kando ya mto, umejengea jina juu ya tonge hilo. Alasiri ni wakati wa kahawa, nayo huja na kibiskuti kimoja tu. Mwenye hamu zaidi huagiza keki ya tufaha, na ile ya Dudok katika barabara ya Meent ndiyo wenyeji huitaja kwanza. Yapata saa kumi na moja jioni huletwa bitterballen, vitufe vya kukaanga ambavyo ndani yake mna rojo la nyama lenye moto wa kuunguza. Vipasue kwanza, uvisubiri.

Chakula cha jioni nyumbani ni saa kumi na mbili, na saa hiyo haichezewi. Desturi ya kwetu ya kupita kwa jirani na kukaribishwa sahani haipo. Hupikwa kwa idadi ya watu waliotarajiwa, kiazi kwa kiazi, na mgeni asiyealikwa anaweza kuombwa arudi baadaye bila yeyote kuona kwamba amekosewa. Wewe umealikwa, kwa hiyo fika kwa wakati, si nusu saa kabla na si robo saa baada, ukiwa na shada la maua mkononi. Huenda ukapewa stamppot, viazi vilivyopondwa pamoja na mboga za majani na kuwekwa soseji au tonge la nyama juu yake. Ni chakula cha majira ya baridi kisicho na viungo vingi, na kukiita "kitamu" kutamfurahisha mwenyeji kuliko unavyodhani, kwa sababu Waholanzi wenyewe hukitania. Lakini nisikuhakikishie. Katika mji huu familia hiyo inaweza vilevile kukuwekea nasi, yaani wali wa kukaanga wa Kiindonesia, ukiwa na mishikaki ya kuku na mchuzi wa karanga, na kukueleza kwamba hicho ndicho walichokula tangu utoto. Ukiwa huko tarehe 1 Julai, siku ambayo Wasuriname huadhimisha kufutwa kwa utumwa mwaka 1863, tafuta heri heri, sahani ya muhogo, viazi vitamu, ndizi, yai na bakkeljauw. Jina hilo halihusiani na Kiswahili, lakini mimi husita kuamini kila ninapolitamka.

Malipo ni ya kadi. Maduka na mikahawa mingi haipokei noti hata kidogo, na huandika "alleen pinnen" mlangoni; mengine, kinyume chake, hukataa kadi za mkopo za kigeni. Beba kadi ya benki inayokubalika nje na euro chache za sokoni. Mtu mwenye euro 15 mfukoni hula mlo kamili mitaani bila wasiwasi. Huduma imekwisha kujumuishwa katika bei, kwa hiyo bakshishi ni hiari, na wenyeji huongeza kidogo ili hesabu iwe kamili. Mkila kundi, usishangae kila mmoja akilipia chake, au rafiki aliyelipa bili akikutumia ombi la kurudishiwa kwa simu kabla hujafika nyumbani. Wao huona ni kuweka hesabu wazi, wala urafiki hauguswi. Maji ya bomba ni safi, na ukiagiza uyaite "kraanwater", ingawa mikahawa mingine huyatoza au kuyakataa. Na usitupe chupa ya soda wala kopo: kila kopo na kila chupa ndogo ina amana ya senti 15 uliyokwisha kuilipa, na mashine iliyoko karibu na mlango wa duka kubwa la vyakula hukupa stakabadhi ya kudai fedha yako.